Mbio ndefu zinakukatikia kilomita ya 24, lakini tatizo liko kilomita ya kwanza

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 38, kilo 62, naishi Pasua hapa Moshi. Nimejiandikisha Kilimanjaro Marathon, kilomita 42, kwa mara ya kwanza. Nusu nimeshakimbia mara tatu, muda wangu bora ni saa 2 na dakika 8. Lengo langu ni saa 4 na nusu. Zimebaki wiki 7. Kila Jumamosi najaribu kumaliza kilomita 30 na nimeshindwa mara tatu mfululizo. Natoka saa 12 na nusu asubuhi, nimekunywa chai ya rangi tu, na chupa ya maji ya nusu lita mkononi. Napanda Mweka kwanza ili mlima niumalize nikiwa na nguvu, nageuza, nashuka, halafu naingia barabara ya Dar kumalizia. Mwanzoni nakwenda dakika 6 na sekunde 10 kwa kilomita, na mpaka ya 18 nipo sawa. Ikifika ya 24 nazima. Mapaja yanakaza, kichwa kinakuwa chepesi, nalia bila sababu, naita bodaboda. Wenzangu kwenye kikundi wanasema nijikaze, kwamba usipofikisha hata 35 mazoezini siku yenyewe utaaibika. Mume wangu anasema nirudi kwenye nusu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi, kwa sababu umeniandikia kitu ambacho wengi hawaniandikii: namba. Wengi huniambia "kocha, nachoka", basi. Wewe umeniambia unatoka saa ngapi, tumboni kuna nini, unapita wapi na unakwenda mwendo gani. Kwa hiyo nakujibu bila kuzunguka. Usirudi kwenye nusu, na hiyo 35 usiifuate. Uvumilivu unao wa kutosha, maana mtu asiye nao asingerudi barabarani Jumamosi ya tatu. Mbio zako zinaharibika kwenye kilomita ya kwanza, ila taarifa unakuja kupewa kwenye ya 24.

Tuanze na mwendo, kwa sababu hapo ndipo penye uzito kuliko kwingine kote. Saa 4 na nusu ni dakika 270. Zigawe kwa kilomita 42.195, unapata dakika 6 na sekunde 24 kwa kilomita. Huo ni mwendo wako wa siku ya mashindano, ukiwa umepumzika, umekula, watu wanashangilia na meza za maji zinakungoja. Nusu yako bora ni dakika 6 na sekunde 4 kwa kilomita, na siku ile bila shaka ulifika mwisho huna akiba. Sasa itazame Jumamosi yako: dakika 6 na sekunde 10, tena unapanda Mweka. Kupanda kwa mwendo huo kunakula nguvu nyingi kuliko kukimbia nusu marathoni kwenye tambarare. Kila wiki umekuwa ukishindana peke yako kwa kilomita 20, kisha unaudai mwili ukuongezee nyingine 10. Mwili umekataa mara tatu, na umekataa kwa haki.

Mbio ndefu zina kazi zake. Zinaifundisha misuli kutumia mafuta ya mwili badala ya kutegemea sukari peke yake. Zinaongeza vimishipa vidogo vya damu ndani ya misuli. Zinazoeza kano, mifupa na nyayo kupokea maelfu ya hatua, na zinalizoeza tumbo kufanya kazi huku unaruka-ruka. Katika hayo yote hakuna hata moja linalodai kasi. Yanadai muda wa kuwa barabarani. Mtu anayekaa saa tatu kwa mwendo wa upole anajenga mwili. Anayekaa saa mbili na nusu kwa nguvu zote kisha akapanda bodaboda amejichosha tu, na Jumatano bado anachechemea.

Mwendo wako wa Jumamosi kwenye tambarare uwe kati ya dakika 7 na sekunde 15 na dakika 7 na sekunde 45 kwa kilomita. Mlimani usiitazame saa kabisa, sikiliza pumzi. Nina kipimo ambacho nimewapa wakimbiaji wangu kwa miaka mingi na bado sijapata kinachokizidi: sali Baba Yetu kwa sauti, polepole, toka mwanzo mpaka amina. Kama sentensi zinatoka nzima nzima, uko sawa. Ukijikuta unavuta pumzi katikati ya "utupe leo", umezidisha, punguza. Kwa Mwislamu, Alhamdu inapima vilevile. Na pale mlima unapokataa kipimo hicho hata ukikimbia kwa hatua fupi kabisa, tembea. Tembea kwa hatua za nguvu, mikono ikifanya kazi, kisha ukimbie tena. Kutembea kwenye mwinuko ni sehemu ya mazoezi, wala usimruhusu mtu akwambie umeshindwa.

Najua hili litakusumbua, kwa sababu kikundi chako kitakuacha kabla hamjamaliza hata kilomita mbili. Waache waende. Wewe umekulia chini ya mlima huu. Umewasikia waongoza watalii wakiwaambia wageni "pole pole" toka hatua ya kwanza getini, wakati mgeni ana nguvu tele na anatamani kukimbia. Hawasubiri achoke ndipo wamwambie. Wanamzuia mapema kwa sababu wanajua usiku wa kilele uko mbele. Septemba 2025, kwenye marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo, Mtanzania Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2:09:48, na Simbu akatwaa dhahabu kwa tofauti ya sekunde 0.03. Petros alikuwa mbele yake mpaka hatua za mwisho. Mtu wa namna hiyo anakuwa ameitunza nguvu kwa kilomita 42 nzima, akawaacha wengine watangulie bila moyo kumruka. Ni ustadi unaofundishwa kama ustadi mwingine wowote, na Jumamosi ndiyo darasa lake.

Sasa chakula, maana hiyo chai ya rangi imenihuzunisha.

Mwili unatunza wanga kwenye misuli na kwenye ini, katika umbo linaloitwa glaikojeni. Mtu wa uzito wako aliyekula vizuri anatembea na akiba ya gramu kama 400, yaani kilokalori 1,600 hivi. Kukimbia kunagharimu takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita. Chukua kilo zako 62, zidisha kwa kilomita 24, unapata 1,488. Ukiona namba hiyo imekaribia ile akiba, umeanza kuelewa kwa nini unazima palepale kila wiki. Ni kweli sehemu ya nguvu hutoka kwenye mafuta ya mwili, lakini kadiri unavyokimbia kwa bidii ndivyo mwili unavyoyaacha mafuta na kuchota wanga. Mwendo wako ulikuwa unachota kwa ndoo. Tena uliondoka nyumbani akiba haijajaa, kwa sababu ini hulisha ubongo usiku kucha ukiwa umelala, na alfajiri limebaki na kidogo. Vijiko viwili vya sukari kwenye chai havifiki hata gramu 10.

Kule kulia bila sababu nakwambia kwa uhakika kwamba si udhaifu wa moyo. Ubongo unategemea sukari ya damu. Ikishuka, kichwa kinakuwa chepesi, hasira na machozi vinakuja vyenyewe, na kila wazo linalopita linakwambia acha. Nimewaona wanaume wenye miraba minne wakilia kando ya barabara kwa ndizi moja waliyokataa kula saa moja kabla.

Ijumaa jioni kula wali, au ugali, au machalari, sahani ya kushiba, mafuta kidogo, na maharage na kabichi uviweke kando mpaka Jumamosi mchana. Alfajiri, saa moja au moja na nusu kabla ya kutoka, kunywa kikombe cha uji mwepesi wenye sukari, au kula vipande viwili vya mkate na asali pamoja na hiyo chai yako. Kama tumbo lako halijazoea, anza na nusu kikombe wiki hii na uongeze wiki ijayo. Tumbo nalo linafanya mazoezi.

Ukiwa barabarani, usingoje njaa. Dakika ya 40 kula kidogo, kisha kila nusu saa, kiasi cha gramu 20 hadi 25 za wanga kila mara. Kwa vitu vya hapa nyumbani hiyo ni ndizi mbivu moja ya wastani, au ndizi kisukari mbili, au tende nne ndogo. Nikuonyeshe tunavyofanya, kwa sababu wengi hukataa kula wakisema ndizi inawapanda kifuani. Imenye nyumbani, ikate vipande vya ukubwa wa kidole gumba, uvitie kwenye kikopo chenye mfuniko kinachoingia mfukoni au kwenye mkoba wa kiunoni. Ukifika wakati wake, tembea hatua 20. Weka kipande kimoja kati ya shavu na meno, kisage taratibu, sindikiza na funda mbili za maji, kisha anza kukimbia kwa upole. Kipande cha pili kifuate baada ya dakika mbili tatu. Anayeimeza ndizi nzima kwa mkupuo huku anahema ndiye inayempanda.

Chupa moja iwe ya maji matupu na nyingine ya mchanganyiko: nusu lita ya maji, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na ndimu kwa ajili ya ladha. Hiyo inakupa gramu kama 24 za wanga, na bei yake unaijua. Vinywaji na vijeli vya madukani vinafanya kazi hiyohiyo. Kama siku ya mashindano utatumia vya kwenye meza, vijaribu kabla.

Kunywa kufuatana na kiu, kwa joto letu mara nyingi ni kati ya mililita 400 na 600 kwa saa, funda chache kila mara. Nusu lita yako kwa saa mbili na nusu ilikuwa kidogo mno. Lakini usivuke upande wa pili ukajijaza maji lita na lita kwa kuogopa, kwa sababu maji mengi kupita kiasi huifanya chumvi ya damu kuwa nyepesi, na hilo linaweza kuua. Pete ikianza kubana kidole, vidole vimevimba, tumbo linacheza maji na kichefuchefu kimeanza, acha kunywa.

Joto nalo nina deni nalo. Mwaka wangu wa kwanza kufundisha nilikipeleka kikundi cha vijana barabara ya TPC, katikati ya mashamba ya miwa, mwezi wa kwanza. Barabara imenyooka, tambarare, inavutia kukimbia. Tulichelewa kutoka kwa sababu mmoja alichelewa, na mimi sikupanga maji ya kurudia. Ilipofika saa 3 jua lilikuwa limesimama juu yetu na kivuli hakuna. Kijana mmoja aliyekuwa na maneno mengi njiani kote akanyamaza. Nilimuuliza jina la mtaa anaokaa, akanitajia mtaa wa shangazi yake. Ngozi ilikuwa ya moto kama sufuria. Tulimlaza kando ya mfereji wa kumwagilia, tukamvua fulana, tukammwagia maji kichwani, shingoni, kwapani na mapajani mpaka gari likapatikana. Alipona. Kosa lile lilikuwa langu lote, na toka siku hiyo sijatoa mkimbiaji kwa mbio ndefu bila kuuliza maji yako wapi na mtarudi saa ngapi.

Ndiyo maana nasema saa 12 na nusu umechelewa. Januari na Februari Moshi inachemka, mchana nyuzi zinapita 30 kirahisi, na kwenye joto damu inagawanywa: sehemu iende kwenye misuli, sehemu iende kwenye ngozi kuupoza mwili. Moyo unapiga haraka zaidi kwa mwendo uleule. Toka saa 11 alfajiri, na saa 2 na nusu uwe umerudi. Usitoke peke yako gizani. Tafuta mwenzako mmoja anayekubali mwendo wa polepole, na usipompata, zunguka barabara zenye taa mpaka papambazuke ndipo utoke nje ya mji. Vaa kile kizibao cha kung'aa wanachovaa bodaboda, kaa upande wa kulia wa barabara ili uyaone magari yanayokuja, na muziki wa masikioni uache nyumbani. Barabara ya Dar ina malori, na dereva aliyekesha hakuoni.

Mume wako nampa kazi. Mwambie kocha ameomba hivi: saa 1 na nusu akukute kwa mangi mliyemkubaliana, akiwa na chupa mbili na ndizi. Au mtoto mkubwa akiwa na baiskeli, akufuate kwa kilomita tano za mwisho kukishakucha. Mtu anayekuona ukimaliza, badala ya kukuona ukirudishwa na bodaboda, hahitaji kushawishiwa tena.

Njia yako nayo tuigeuze. Nakuelewa ulivyofikiri, kwamba mlima kwanza nikiwa mzima. Lakini mbio zenyewe hazikupi nafasi hiyo. Zinaanzia pale Chuo Kikuu cha Ushirika, zinakupeleka kwanza barabara ya Dar, tambarare, zinakurudisha mjini, na Mweka unaikuta ukiwa tayari na nusu marathoni miguuni na jua limeshatoka. Wanaotamba kwenye tambarare huanza kuhesabu nguzo za umeme wakifika huko. Kwa hiyo barabara ya Dar kwanza, Mweka baadaye, na ule mwendo wa dakika 7 na nusu utakuwa umekuachia miguu ya kupandia.

Kuhusu mapaja kukaza, wenzako watakwambia ni chumvi. Chumvi ina sehemu yake, na umeshaiona kwenye chupa yako. Ila jiulize: kama ni chumvi ya mwili mzima, mbona mikono haikazi? Yanakaza mapaja peke yake, baada ya mteremko wa kilomita karibu 10. Unaposhuka, kila hatua msuli wa mbele wa paja unanyooshwa huku wenyewe unajikaza kukuzuia usianguke. Kazi ya namna hiyo huchana nyuzi ndogo ndogo za misuli kuliko kupanda. Hapa Moshi huhitaji kitabu kuliamini hilo. Wageni wengi wanaopanda mlima hushukia njia ya Mweka, na asubuhi ya pili yake unawakuta hotelini wanashuka ngazi kiupande-upande, wameshika ukuta, watu waliofika kilele salama! Kilele hakikuwaumiza. Kilichowaumiza ni mteremko.

Misuli inajifunza, tena haraka. Ukiupitia mteremko mara moja kwa upole, mara ya pili unaumia kidogo kuliko mara ya kwanza, na kinga hiyo inakaa kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo Mweka usiikimbie kila Jumamosi. Ipitie mara mbili au tatu katika wiki hizi saba. Unaposhuka, fupisha hatua, magoti yawe yamekunjwa kidogo, mguu utue chini ya mwili na si mbele yake, na usijivute nyuma kama unayeshika breki. Katikati ya wiki, mara mbili, kaa na kuinuka kwenye kiti mara 15, raundi tatu, ukishuka kwa kuhesabu mpaka nne. Jikoni hapohapo, uji ukiwa motoni.

Nije kwenye 30 na 35. Kwa mwendo wa dakika 7 na nusu, kilomita 28 zinachukua saa 3 na nusu. Kwangu huo ndio mpaka kwa mkimbiaji wa rika lako la kasi, na siuvuki. Wale wa mbele wanaomaliza marathoni kwa saa 2 na dakika 10 wanakimbia 35 au 38 mazoezini, lakini kwao hizo ni saa mbili na kidogo. Ukiiga kilomita zao utakaa barabarani saa 4 na nusu, utachimba shimo ambalo wiki mbili hazilifukii, na faida uliyoiongeza baada ya saa ya tatu na nusu ni ndogo sana. Kilomita 14 zilizobaki zitabebwa na mapumziko ya wiki za mwisho, chakula, na wiki zote ulizokimbia bila kukosa.

Wiki zako saba nitazipanga hivi. Jumamosi hii kilomita 20 tu, barabara ya Dar kwenda na kurudi, bila mlima, na ukimaliza uwe bado na hamu. Inayofuata 24, mwishoni uingie barabara ya Mweka kwa kilomita mbili za kupanda na mbili za kushuka. Ya tatu unapumzika kwa kukimbia 16, na tafadhali usiiruke wiki hiyo, kwa sababu mwili unajijenga siku za kupumzika. Ya nne 26 au 27, ukiwa na Mweka kilomita tano juu na tano chini mwishoni. Ya tano, ambayo itakuwa imebakiza wiki mbili na ushee, ndiyo ile ya saa 3 na nusu. Hiyo peke yake anza saa 12 na nusu kama siku ya mashindano, ili mwili uonje jua la saa 3, na maji yawe yamepangwa kila kilomita nne. Kilomita zikitoka 27 au 29 sina shida nazo. Ya sita 16, ya mwisho 10 za kujinyoosha. Katikati ya wiki kimbia siku tatu tu, dakika 40 hadi 60, moja kati ya hizo ukichanganya vipande vya dakika tano kwa mwendo wako wa mashindano.

Hilo la kujikaza walilokwambia linanigusa, maana wanaolisema humtaja John Stephen Akhwari. Mexico 1968 alianguka, akaumia goti, akamaliza marathoni ya Olimpiki wa mwisho akiwa amefungwa bandeji, na heshima yake haitafutika. Lakini Akhwari alikuwa Olimpiki, amebeba nchi. Jumamosi asubuhi huna nchi mgongoni, una wiki ijayo. Uchovu wa kawaida, uzito wa miguu, uvivu wa kilomita ya 20, hivyo vivumilie. Maumivu makali ya sehemu moja yanayozidi kila hatua, acha. Kizunguzungu, kutetemeka kwa baridi juani, kuchanganyikiwa, maumivu ya kifua, acha na uite mtu. Homa usiku wa Ijumaa, usitoke, nenda ukapime malaria. Mkojo mweusi kama hiyo chai yako baada ya mbio, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Raba zako hujazitaja. Kama ni za soko la Memorial, sina neno, nimewaona wakimbiaji wazuri sana wakivaa mitumba. Ila bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama kipande cha ubao, povu lake limekufa hata kama juu inang'aa. Ukinunua nyingine, nunua sasa ili mzoeane kabla ya ile Jumamosi ya tano, na ziwe na nafasi ya unene wa kidole mbele, la sivyo mteremko wa Mweka utakung'oa kucha. Mafuta ya mgando pakaa mapajani, kwapani na pale sidiria inapokaza. Kwa saa tatu na nusu, mshono mdogo unakuwa msumeno.

Na hizo saa 4 na nusu, mama, namba zako za nusu zinazionyesha kwenye njia ya tambarare. Njia yetu ina Mweka. Siku ile anza kama mtu wa saa 4 na dakika 50, na ukifika kwenye kona ya kugeuzia kule juu ukiwa bado unaweza kusali mpaka amina, mteremko wote ni wako.

Jumamosi hii ukimaliza hizo 20, niandikie namba za kilomita ya kwanza mpaka ya tano tu. Nikiona hata moja imeanza na 6, tunarudia wiki.